Maji Twahara, Maji Salama, na Nani Ataulizwa



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu wanafunzi, karibu kila kitabu cha fiqhi tunachosomeshwa, kuanzia vile vidogo vya madrasa hadi vile vizito vya chuo kikuu, hufunguliwa kwa mlango wa twahara, na mlango wa twahara hufunguliwa kwa maji. Wengi wetu tulihifadhi migawanyo ya maji tukiwa watoto, kabla hata ya kujua kugawanya hesabu. Lakini mlango huo tunaufunga mapema mno. Tukishajua maji gani yanafaa kwa udhu na josho, tunaona habari ya maji imekwisha.

Katika makala haya nataka tuufungue tena, tuangalie maji ya kunywa. Swali langu ni hili: maji yanapotoka mtoni mpaka yafike kwenye kikombe cha mtoto, yanapita mikononi mwa nani, na yakiharibika njiani ni nani atakayeulizwa? Wanaosomea uhandisi na afya ya jamii wanalijua swali hili kwa jina la uratibu wa sera. Sisi wa masomo ya Kiislamu tunalijua kwa jina la amana. Naamini ni swali moja.

SOMO LA KWANZA: TWAHARA NA USALAMA NI HUKUMU MBILI

Tuanze na tunachokijua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yakifika kulatayni, yaani takribani lita 200 kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakiwa pungufu ya hapo, hunajisika kwa kukutana na najisi tu, hata kama hayajabadilika chochote. Jerikani ya lita 20, ile tunayoiona imepangwa foleni kwenye mabomba ya umma, ni kama sehemu moja ya kumi ya kulatayni. Kwa hiyo maji ya jerikani ni maji machache, na fiqhi imeyawekea ulinzi mkali.

Sasa chukua tangi la lita 1,000 juu ya paa la hosteli. Kifuniko chake kimepasuka, kinyesi cha ndege kimeingia, na vijidudu vya maradhi vimezaliana humo. Maji hayana rangi ngeni, hayanuki, na ladha yake ni ileile. Kwa hukumu ya twahara, ukitawadha nayo udhu wako unasihi. Kwa kipimo cha afya, hayafai kunywewa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pasionekane hata kijidudu kimoja cha aina ya E. coli katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Je, sharia imegongana na maabara? Hapana. Yameulizwa maswali mawili, na kila moja limepata jibu lake. Swali la kwanza ni la ibada, na humo Allah ametuondolea uzito: mchungaji aliye jangwani hahitaji darubini ili aswali. Swali la pili ni la nafsi, nalo linajibiwa katika mlango mwingine, mlango wa kuhifadhi uhai, ambao ni miongoni mwa makusudio matano makuu ya sharia. Humo tuna hadithi iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo inayokataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. Na katika mlango huu shahidi wa kusikilizwa ni mjuzi wa jambo lenyewe. Mpimaji wa maji akisema maji haya yanaua, haitoshi kumjibu kwamba hayajabadilika rangi.

Tena ukikusanya mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu maji, utaona yanalinda chanzo na chombo kwa pamoja. Amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Ameonya dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, kama alivyopokea Abu Dawud. Na ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo usiku, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Mto, kisima na kiriba vyote vimetajwa. Hakuna kipande cha njia ya maji kilichoachwa bila mlinzi.

Kwa nini nalitanguliza somo hili? Kwa sababu hata katika lugha ya sera maneno haya mawili huchanganywa. Uchunguzi wa hali ya maisha ya kaya nchini Rwanda wa mwaka 2016/17 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya kaya zilitumia chanzo cha maji kilichoboreshwa. Ni hatua kubwa kwa nchi ya milima kama hii, na wapo waliotoa jasho kuifikia. Lakini "chanzo kilichoboreshwa" maana yake ni bomba, kisima kilichofunikwa au chemchemi iliyojengewa. Neno hilo linatueleza jinsi chanzo kilivyojengwa. Halituambii yaliyomo ndani ya kikombe. Ndiyo maana Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yalipanda ngazi moja, yakataka maji yapatikane nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yawe hayana uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Mtu anaweza kuhesabiwa ndani ya ile asilimia 87, na mtoto wake akaharisha wiki hiyohiyo.

SOMO LA PILI: MIKONO MINGI, MTO MMOJA

Naishi Kimihurura, katika Wilaya ya Gasabo. Kilima chetu kinajulikana kwa jengo la Bunge na Jumba la Mikutano la Kigali lenye kuba linalowaka rangi usiku. Mvua ikinyesha, maji yanashuka mabondeni, kwenye ardhi oevu ya upande wa Gikondo na mifereji mingine ya jiji, na hatimaye huishia mto Nyabarongo. Mto huo unakwenda kuwa Akagera na kuingia Ziwa Viktoria. Na bonde la Nyabarongo hilohilo ndilo linalolisha mtambo wa Nzove, na pia mtambo wa Kanzenze upande wa Bugesera, ulioanza kazi mwaka 2021 ukiwa na uwezo wa kutoa mita za ujazo 40,000 kwa siku. Kwa maneno mengine, kinachotoka kwenye vilima vya jiji kinaingia katika bonde ambalo jiji linanywa kutoka humo.

Mto ni mmoja. Tuhesabu mikono.

Sera ya maji iko chini ya Wizara ya Miundombinu. Usambazaji mijini unafanywa na shirika la WASAC, lililoundwa mwaka 2014 pale taasisi iliyokuwa inashika umeme na maji kwa pamoja ilipogawanywa. Bei, leseni na ubora wa huduma vinasimamiwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Viwango vya maji ya kunywa vinawekwa na bodi ya viwango. Mito, maziwa na maji ya chini ya ardhi ni ya Bodi ya Rasilimali za Maji, iliyoanza kazi mwaka 2020, na sheria ya mwaka 2018 inataka kibali kwa matumizi mengi ya maji hayo. Uchafuzi wa mazingira unaangaliwa na REMA. Maradhi yatokanayo na maji ni ya Wizara ya Afya. Vijijini, wilaya ndizo zenye miundombinu, na uendeshaji mara nyingi hupewa waendeshaji binafsi. Juu ya yote, Katiba imempa Waziri Mkuu kazi ya kuratibu shughuli za Serikali, na huja hapa kilimani petu, mbele ya Bunge, kuzieleza.

Hakuna ubaya katika wingi wa mikono. Anayeuza maji hafai kuwa huyohuyo anayejipangia bei na kujipima ubora, kama ambavyo kadhi hahukumu kesi yake mwenyewe. Tatizo huanza katika nafasi iliyo baina ya mkono mmoja na mwingine. Nitataja nafasi tatu.

Ya kwanza iko juu ya mto. Nyabarongo una rangi ya udongo kwa sababu mashamba ya miteremkoni na machimbo ya madini vinauteremshia tope. Mvua kubwa ikinyesha, tope huzidi, na mtambo unalazimika kutumia dawa nyingi zaidi kusafisha, au kupunguza uzalishaji. Mwenye jembe yuko chini ya sera ya kilimo, mwenye mgodi chini ya sera ya madini, na mwenye mtambo chini ya sera ya maji. Akina mama wa bondeni wanaokosa maji siku hiyo wanamlaumu mwenye mtambo peke yake. Mei 2023, mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi yaliharibu pia mtambo wa maji wa Gihira kule Rubavu. Utunzaji wa mlima ni sehemu ya utunzaji wa bomba.

Ya pili iko chini ya ardhi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia kuwa takribani asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hayaingizi mapato: yanavuja kwenye mabomba chakavu, yanaibwa, au mita hazisomi sawasawa. Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge imewaita viongozi wa shirika kulieleza jambo hilo. Fikiri maana yake: kati ya jerikani kumi ambazo nchi imelipia dawa, umeme na mishahara, takribani nne haziingii kwenye hesabu, huku mitaa mingine ikisubiri zamu ya mgao. Kuna madhara mengine yasiyoandikwa kwenye hesabu. Bomba linalovuja likikatiwa maji kwa mgao, msukumo wa ndani hushuka, na maji machafu ya nje huweza kuingia kupitia tundu lilelile. Upotevu na usalama ni ugonjwa mmoja.

Ya tatu ni ya chooni. Desemba 2016 Serikali ilitoa sera mbili, moja ya maji na moja ya usafi wa mazingira. Zimeandikwa katika vitabu viwili, lakini ardhini zinakutana. Kigali imekaa miaka mingi bila mtandao mmoja wa majitaka wa jiji zima, na nyumba nyingi hutegemea mashimo. Shimo likiwa juu ya mteremko na chemchemi ikiwa chini yake, sera mbili zimekutana bila kuratibiwa.

SOMO LA TATU: SHARIA IMELIONA HILI ZAMANI

Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha Zubayr bin al-Awwam (r.a.) na mtu wa Ansari waliogombania mfereji wa Harra uliokuwa ukinywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) kwanza alimwelekeza anyweshe kisha amwachie jirani yake maji. Na katika hukumu ya bonde la Mahzur iliyopokewa na Abu Dawud, aliye juu aliruhusiwa kuzuia maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yateremke kwa wa chini.

Tazama uzuri wa hukumu hii. Haki ya wa juu imekubaliwa lakini imewekewa kipimo, tena kipimo ambacho kila mkulima anacho mwilini mwake. Haki ya wa chini haikuachiwa hisani ya wa juu. Huu ndio uratibu: kila mmoja anajua mpaka wake, na yupo mwenye mamlaka ya kuamua wanapogombana. Qur'an nayo, katika Suratul Qamar aya ya 28, inatusimulia kuwa kaumu ya Nabii Saleh (a.s.) waliamrishwa kugawana maji kwa zamu na ngamia. Walipovunja zamu hiyo waliangamia.

Wanazuoni wakaijengea taasisi maana hii. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), anaeleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala kazi ya muhtasibu. Tofauti na kadhi, muhtasibu hasubiri mlalamikaji aje. Na maji ya mji yakiharibika, ni juu yake kuamrisha yatengenezwe kwa mali ya Baitul Mal, na hazina ikiwa haina kitu, wajibu unaenda kwa wenye uwezo katika mji. Kwa hiyo al-Mawardi amepanga mambo matatu: nani aone, nani alipe, na nani abebe mzigo wa kwanza akishindwa. Sera nyingi za leo zinajibu mawili ya kwanza na kunyamaza kwenye la tatu.

Kwetu Waswahili upo mfano wa karibu zaidi. Zanzibar ilipigwa na kipindupindu mwaka 1869 na 1870, maelfu wakafa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akaleta maji ya chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini kwa mabomba. Mtawala alielewa kuwa kila nyumba kujichimbia kisima karibu na choo cha jirani si suluhisho, hata kama kila mmoja amechimba kwa nia njema. Palihitajika chanzo kilicho mbali na uchafu wa mji, na njia moja ya kuyaleta maji.

SOMO LA NNE: VISIMA VYETU

Hapa nataka tuzungumze wenyewe kwa wenyewe. Tunapenda sana kuchangia visima, na tuna haki. Sa'd bin Ubada (r.a.) alipouliza sadaka gani ni bora, aliambiwa ni maji, kama ilivyo kwa Abu Dawud na an-Nasai. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma na kukiachia watu wote. Ramadhani ikikaribia, picha za visima hujaa kwenye simu zetu.

Lakini kisima kinachochimbwa bila kuuliza mtu ni mkono mwingine unaoongezwa pale ambapo mikono tayari imepishana. Neno jaria maana yake ni yenye kutiririka. Pampu iliyokufa baada ya miaka miwili haitiririki. Kisima kilicho chini ya choo kinatiririka, lakini kinatiririsha madhara. Nia ya mchangiaji iko kwa Mola wake na hatuihukumu. Kazi yetu sisi wakusanyaji ni amana, nayo ina masharti. Jumuiya ikitaka kuchimba kisima, napendekeza mambo haya:

1. Twende wilayani kwanza. Huenda bomba la umma limepangwa kupita hapohapo mwakani, na fedha zetu zingefaa zaidi kuwaunganishia bomba hilo maskini wasiomudu gharama. Tuulizie pia kibali cha kutumia maji ya chini ya ardhi.

2. Tupime maji kabla ya kukabidhi, na tuache utaratibu wa kuyapima tena kila mwaka. Vipimo viangalie vijidudu pamoja na chumvi, madini ya chuma na floraidi. Gharama ya kupima iwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

3. Tuangalie mteremko. Kisima kiwe juu ya vyoo na mazizi, na mbali navyo.

4. Tuandikiane na wenyeji: nani fundi, vipuri vinapatikana wapi, na ada ndogo ya matengenezo inatunzwa na nani.

5. Tufundishe habari ya chombo. Maji yaliyotoka salama bombani huweza kuharibika ndani ya jerikani yenye ukoga. Kuosha jerikani, kuifunika, na kuchemsha maji au kuyatia dawa ya klorini kwa kipimo chake ni kuitekeleza ile amri ya kufunika vyombo.

Kuna ndugu atauliza: ikiwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, kwa nini tulipe bili au ada? Mafakihi wamelijibu. Ushirika ule ni wa maji yakiwa mahali pake, mtoni au kwenye chemchemi. Aliyeyateka, akayasafisha na kuyabeba ana haki ya ujira wa kazi yake. Bili ni ujira huo. Lakini ushirika haufi kwa sababu ya bili: bei ikimzuia maskini kunywa, mwenye mamlaka anaulizwa, kwa kuwa maamuzi ya kiongozi juu ya raia yamefungwa na maslahi yao. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu tarehe 28 Julai 2010. Waislamu tulikuwa na sababu ya kukubali karne nyingi kabla ya hapo.

Mwingine atasema: haya ni ya Serikali, sisi wanafunzi tuna nini? Hadithi ya Bukhari na Muslim inatufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Bomba linalovuja kwenye msikiti wa chuo liko machungani mwetu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja; sisi tunaacha bomba likimwagika huku tukisukutua na kuzungumza. Kuripoti uvujaji mtaani ni hisba ndogo ambayo haihitaji cheo. Na miongoni mwetu wapo watakaokaa kesho kwenye meza za wizara, za wilaya na za maabara. Wakikaa huko, wakumbuke kuwa faili likihamia ofisi nyingine, amana haihami nalo yote.

MASWALI YA HALAKA

1. Taja tofauti kati ya hukumu ya twahara na hukumu ya usalama wa maji, kwa mfano kutoka hosteli au msikiti wako.

2. Katika hukumu ya Mahzur, nani leo ni "wa juu" na nani ni "wa chini" katika bonde la Nyabarongo?

3. Fuata maji ya bomba unalotumia hadi kwenye chanzo chake. Ni ofisi ngapi zinahusika, na wapi unaona nafasi isiyo na mlinzi?

4. Jumuiya yetu ina fedha za kisima kimoja. Tukizitumia kuunganisha nyumba za maskini kwenye bomba la umma, je, bado ni sadaka jaria? Toa dalili.

Tunamuomba Allah atujaalie wenye kuhifadhi amana zake, awape viongozi wetu busara ya kushikana mikono, na amnyweshe maji salama kila mwenye kiu. Wabillahi tawfiq.